Kabla ya kuuliza bei ya mita, mwite fundi aione sakafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mama wa Tabata aliyeandika humu kwamba mafundi wa marumaru wote ni matapeli. Alieleza kuwa sebule yake haijamaliza hata miaka miwili, na mchana mmoja wa jua kali marumaru za katikati zikabinuka kwa kishindo, zikasimama zimeegemeana, watoto wakakimbilia nje wakidhani nyumba inaanguka. Akamalizia kwa kuwashauri wenzake warudie sakafu ya niru, ile ya saruji iliyolainishwa.

Mimi ni fundi wa marumaru, naishi Kimara, na kazi hii ndiyo inayolisha na kusomesha nyumbani kwangu. Siandiki kumtetea fundi aliyemharibia. Kwa maelezo aliyoyatoa, kazi ile ilikuwa mbovu tangu chini, na mama ana haki ya kukasirika. Ila ndani ya barua yake kuna jambo alilolitaja kwa kupita tu. Aliwapigia simu mafundi watatu, akawauliza "skwea mita mnaweka shilingi ngapi", akamchukua aliyetaja bei ya chini. Katika hao watatu hakuna aliyefika kuiona sebule kabla ya kukubaliana. Ndugu Mhariri, hilo nakutana nalo kila mara, na linaniuma: sakafu nyingi huharibika siku ya mapatano, kabla hata mfuko wa saruji haujafunguliwa.

Fundi akikutajia bei kwa simu, anakutajia bei ya kitu gani? Hajui kama chini kuna jamvi, yaani zege la sakafu, lililomwagwa vizuri au kokoto zilizonyunyiziwa saruji. Hajui kama juu yake kuna niru ya zamani inayoteleza, ambayo lazima idonolewe kwa tindo chumba kizima ili saruji mpya ipate pa kushika. Hajui kama upande wa dirishani uko juu kwa sentimita 3 kuliko mlangoni, wala kama kuta zimekaa mraba. Hajui marumaru uliyonunua ni ya aina gani. Kila moja ya hayo ni kazi, na kazi ina muda wake na mifuko yake ya saruji. Akishakubali bei ya chini bila kuyajua, akafika akayakuta, njia zake ni mbili. Akuombe uongeze, nawe umeshamwambia hapo ndipo mfuko wako ulipofikia, au ayafunike. Wengi huyafunika, na wewe hutajua mpaka wamekwisha kwenda zao.

Nipige hesabu ya chumba cha kawaida, mita 4 kwa 3.5. Hizo ni mita za mraba 14. Marumaru ya sentimita 60 kwa 60 inafunika mita ya mraba 0.36, na boksi la marumaru nne linafunika 1.44. Ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya zitakazokatwa na zitakazovunjika, unahitaji mita 15.4, yaani maboksi 11. Tuseme boksi ni shilingi 35,000. Hapo umeshatoa 385,000, bado saruji au gundi, mchanga, grauti ya kujazia maungio na usafiri. Sasa fundi mmoja anataka 8,000 kwa mita, mwenzake 6,000. Tofauti yao kwa chumba chote ni 28,000, haifiki hata bei ya boksi moja. Kwa ajili ya hiyo 28,000 mtu anakabidhi mali ya karibu laki nne kwa mtu ambaye hajawahi kuona kazi yake. Na kurudia sakafu ni kubomoa, kuzoa kifusi, kukodi gari la kukitupa, halafu kununua upya karibu kila kitu.

Niliitwa Goba kwa mama mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na sisimizi jikoni. Walitoka kwenye maungio ya marumaru, na kila asubuhi waliacha vichuguu vidogo vya mchanga kando ya jiko. Alikuwa amepuliza dawa mpaka amechoka. Nilichukua sarafu ya shilingi 200 nikaanza kugonga, marumaru moja baada ya nyingine. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mfupi na mzito, lakini zile zilikuwa zikilia debe tupu kuanzia mlangoni mpaka kwenye sinki. Nikapenyeza patasi chini ya moja, ikatoka nzima bila kupigana nayo. Mgongoni ilikuwa na mabonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, kila moja halifiki kiganja. Kwingine kote ilikuwa hewa. Sisimizi walikuwa wamehamia humo, wakichimba mchanga uliokuwa haujakamatana na kuupandisha juu kupitia grauti iliyopasuka.

Mtindo huo wa mabonge una sababu yake. Bonge linakuruhusu kuishusha na kuipandisha marumaru kwa nyundo ya mpira mpaka ilingane na mwenzake, hata kama sakafu chini ina mabonde. Aliyelipwa kidogo anaupenda kwa sababu hakulipwa kusawazisha. Anachokuachia ni marumaru iliyosimama juu ya miguu mitano, na siku utakapodondosha mchi au kuburuta friji itapasuka palipo na hewa. Viwango vya Marekani vinataka saruji au gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa marumaru mahali pakavu, na asilimia 95 bafuni na nje. Huhitaji kuwa fundi ili kulihakikisha hilo. Asubuhi ya kwanza ya kazi, mwombe fundi aibandue marumaru aliyoiweka sasa hivi, aigeuze, muutazame mgongo pamoja. Kama umeenea saruji, mwache aendelee. Kama una mabonge, simamisha kazi hapo hapo, umepoteza marumaru moja tu. Fundi anayeijua kazi yake hatanuna kwa kuombwa hivyo. Mimi huibandua kabla sijaombwa.

Sasa kile kishindo cha Tabata. Watu hukitafutia maelezo mengi, wengine huingiza hata mambo ya ushirikina, lakini chanzo chake kinaeleweka. Sakafu hupanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu. Zege jipya nalo husinyaa taratibu kwa miezi mingi linapokauka, huku marumaru iliyo juu yake haisinyai. Marumaru zikiwa zimebanwa kutoka ukuta hadi ukuta, na maungio yamekazwa mpaka wembe haupiti, ule msukumo hauna pa kwenda. Unajikusanya, na siku moja ya joto unatokea pale palipogandishwa hafifu. Dawa yake ni kuacha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka chumba chote, isiyojazwa saruji. Skatingi, ile safu fupi inayozunguka chini ya kuta, inaifunika, hakuna mgeni atakayeiona. Kati ya marumaru na marumaru ziachwe milimita 2 au 3 kwa spesa, vile vijiplastiki vya kuzitenganisha. Ukumbi unaozidi mita 8 hivi kwa urefu unahitaji ungio la kunyumbulika katikati, lililojazwa silikoni badala ya grauti, na baraza linalopigwa na jua linalihitaji kila baada ya mita 3 hivi. Wateja wengi hukataa. Wanasema maungio yanaharibu sura, wanataka sakafu ionekane kipande kimoja. Nawaomba sana, fundi akikuelekeza hilo msikilize.

Kwa mama mwenyewe, ushauri wangu ni asiharakishe kubomoa sebule nzima. Agonge chumba chote kwa sarafu, zinazolia tupu azitie alama ya chaki. Zikiwa chache, zibanduliwe hizo tu, na kabla ya kurudishia fundi aondoe skatingi na kukata nafasi ya pembezoni kwa grinda. Zege la nyumba yake limeshakauka kiasi cha kutosha, halitasinyaa tena kwa kiwango cha mwanzo. Zikizidi nusu ya chumba, hapo sina la kumfariji, ni bora kurudia yote.

Bafuni ndiko kunakonipatia kazi nyingi za marekebisho, na ndiko fundi wa harakaharaka anakoumiza familia kuliko mahali pengine. Sakafu ya bafu inatakiwa kuteremka kuelekea kwenye tundu la maji kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita. Mteremko huo unatengenezwa kwenye saruji ya chini kabla ya marumaru, na unapimwa kwa pimamaji na kamba. Kabla hujaruhusu marumaru ya kwanza ishuke, mwaga ndoo ya maji kwenye kona ya mbali kabisa uone yanakokwenda. Yakisimama mahali, yatasimama hapo pia baada ya marumaru, na hapo ndipo uteute utakapoota. Mabomba ya ndani ya ukuta nayo yajazwe maji na kuachwa na presha kutwa nzima yakiwa bado wazi, maana nimeona ukuta mpya uliopendeza ukivunjwa kutafuta kiungio kimoja kilichokuwa kikitona. Kama bafu liko ghorofani, dai dawa ya kuzuia maji ipakwe sakafuni na kupandishwa ukutani, kwenye eneo la kuogea ifike juu ya bomba la mvua. Grauti peke yake haizuii maji kupenya, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kuhusu aina za marumaru, hapa mafundi wenzangu wengi wanapotoka kwa kukosa maelezo. Zile nyepesi za ukutani, za udongo uliochomwa, hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Poseleni, ile ngumu iliyoshikamana, hainyonyi zaidi ya asilimia 0.5. Ile ya ukutani, ukiibandika kwa saruji, lazima uiloweke kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, uiache ichuje, ndipo uibandike. Bila hivyo inakunywa maji ya saruji kabla saruji haijashika, na baada ya miezi inadondoka ukiwa unaoga. Poseleni hata ukiilaza majini usiku kucha karibu hainywi kitu, na ndiyo sababu saruji tupu haiishiki vizuri. Hiyo inataka gundi yake, inayokorogwa kwa maji na kupakwa kwa mwiko wa meno. Na gundi yenyewe haitaki kupakwa eneo kubwa kwa mpigo. Kwa joto la Dar es Salaam, la kiangazi hasa, hufanya utando juu haraka. Ukiigusa kwa kidole na kidole kikatoka kikavu, ikwanguliwe ipakwe nyingine. Fundi anayekuambia gundi ni kupoteza hela, yeye anaweka zote kwa saruji, muulize kwanza kama ameangalia aina iliyoandikwa kwenye boksi.

Nije kwenye ununuzi. Tangu viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani vianze kuzalisha, marumaru imewafikia watu ambao zamani waliishia kwenye niru, na mimi ni mmoja wa waliofurahi kwa sababu kazi imeongezeka. Lakini naona watu wananunua kwanza, wanamtafuta fundi baadaye. Ungemwita fundi kwanza akupimie, angekuambia kwamba kwenye korido yako ya mita 1.2 marumaru ya 60 kwa 60 itaingia mbili, lakini ukishaacha nafasi za pembeni itakubidi ukate upande mmoja kwa urefu wote, wakati ya 40 kwa 40 inaweza kukaa vizuri zaidi ukipanga vipande viwili sawa kulia na kushoto. Angekuambia pia ununue zote kwa mara moja na kuhakikisha maboksi yote yana namba ileile ya toleo, ile inayoandikwa pembeni pamoja na alama ya rangi na kipimo. Marumaru ya jina moja kutoka toleo jingine inaweza kupishana rangi kidogo, au ikapishana milimita moja, na mwanga wa dirishani hauifichi. Boksi moja liweke stoo. Miaka mitano ijayo bomba likipasuka na ukahitaji marumaru tatu, dukani huenda zisiwepo tena.

Na tafadhali, zile zinazong'aa sana ziishie sebuleni. Bafuni, ngazini na barazani tafuteni zenye uso wa kukwaruza. Kwenye karatasi za kiwanda mara nyingi kuna herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13, na kadiri namba inavyopanda ndivyo marumaru inavyozuia kuteleza. Nimekuta nyumba ambayo bibi alivunjika nyonga akitoka kuoga, na marumaru ya bafu hilo ilichaguliwa kwa sababu ilifanana na ya sebuleni. Muuzaji hakuulizwa, naye hakusema.

Mpangilio wa kazi nao una gharama yake. Fundi bomba na fundi umeme wamalize kuchimba kuta. Lipu iishe, jipsamu ifungwe na rangi ya kwanza ipigwe, ndipo niingie mimi, maana nikitangulia, rangi na unga wa jipsamu vyote vinaishia kwenye maungio yangu. Jamvi na saruji ya kusawazishia vipewe muda wa kukomaa. Zege la jamvi huhesabiwa siku 28, na mwenye haraka ya kuhamia kabla ya sikukuu ndiye anayenipigia simu baada ya sikukuu. Fikirieni pia milango. Marumaru juu ya saruji inaweza kuinua sakafu kwa sentimita 3 hadi 5, na juu ya gundi kama sentimita 1.5. Seremala akishafunga milango bila kujulishwa, itabidi ikatwe chini, na ya aluminiamu haikatiki kirahisi. Bafu liwe chini ya korido kwa sentimita 2 ili maji yasitoke nje. Hayo yote yanaamuliwa kwa mazungumzo ya saa moja, watu wote wakiwa wamesimama ndani ya nyumba.

Nieleze kidogo siku yangu ya kwanza kwenye chumba inavyokuwa, kwa sababu wateja wengine huiona wakadhani sifanyi kitu. Natoa uzi kati ya kuta, natafuta mraba. Napima mita 3 upande mmoja kutoka konani, mita 4 upande wa pili, na kutoka alama hadi alama lazima ije mita 5 kamili. Isipokuja, kona imepinda, na nikifuata ukuta marumaru zitaishia upande wa pili kwa vipande vinavyopungua upana kama kabari. Kwa hiyo nafuata uzi, siufuati ukuta. Kisha napanga safu mbili kavukavu, bila saruji, moja kwa urefu na moja kwa upana, ili nijue vipande vya kukatwa vitaangukia wapi. Vipande vyembamba sivitaki mlangoni. Navipeleka nyuma ya mlango au chini ya kabati, na marumaru nzima inakaa pale macho yanapoingilia. Kazi hiyo inakula nusu siku na haionekani. Mteja mmoja aliyekuwa akinilipa kwa siku aliniuliza, "Fundi, mpaka sasa hata moja hujaweka?" Nilimwita, nikamwonyesha ukuta wake uliopinda kwa sentimita 4, nikamwonyesha kipande cha vidole viwili ambacho kingekaa mlangoni pake kwa maisha yote ya nyumba. Tulielewana.

Namna ya kumpata fundi basi. Usiridhike na picha za simu, maana siku ya kukabidhi kila sakafu inang'aa. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoifanya miaka miwili au mitatu nyuma, uombe ruhusa ya mwenyewe, ugonge kwa sarafu na utazame bafu linavyokauka. Muulize mwenye nyumba kama fundi alipoitwa kurekebisha alirudi. Halafu muulize fundi swali moja ambalo wateja hawaliulizi: atakayepiga goti sakafuni ni nani? Mjini kuna watu wanaoshika kazi kwa bei nzuri, wakawakabidhi vijana kwa chini ya nusu ya bei hiyo, wao wakaenda kutafuta kazi nyingine. Kijana aliyelipwa hivyo analazimika kufukuza mita ili apate hela ya kula, hawezi kulowesha wala kupima. Nimeanza ujana wangu kwa watu wa namna hiyo na najua magoti yanavyouma jioni, na mfukoni hakuna nauli ya kutosha. Kama kazi itafanywa na vijana, sawa, lakini ujue ni nani anawasimamia na anafika saa ngapi.

Mkishakubaliana, andikeni. Karatasi ya daftari inatosha. Mimi huandika vyumba na vipimo vyake, aina ya marumaru, kama ni saruji au gundi, nani ananunua nini, bei ya mita, bei ya skatingi ambayo huhesabiwa kwa mita ya urefu na ndiyo inayozua ugomvi kila mara, siku ya kuanza, na malipo kwa awamu. Awamu zangu ni tatu: asilimia 30 nikishamaliza kusawazisha, 40 marumaru zikishakaa zote, 30 baada ya grauti na kugonga chumba chote pamoja na mteja. Tunatia sahihi wote wawili, na pakiwa na mashaka tunamwomba mjumbe wa mtaa awe shahidi. Usimlipe fundi yeyote hela yote kabla ya kazi. Lakini nawe ukikuta kazi ni nzuri usimzungushe na ile asilimia 30 ya mwisho mpaka mwezi ujao. Nina fedha kwa watu ambao wanaoga kila siku kwenye mabafu niliyoyajenga.

Ndugu zetu walioko Muscat, London na kwingineko wanaojenga kwa kutuma fedha, nyinyi ndio mnaoumia zaidi kwa sababu mnaonyeshwa sakafu ikiwa imeshafunikwa. Ombeni video ya yale yanayofunikwa: niru ikidonolewa, ndoo ya maji ikimwagwa bafuni, mgongo wa marumaru iliyobanduliwa, namba za toleo kwenye maboksi. Fedha ya awamu itoke baada ya video hiyo. Mjomba au shemeji anayesimamia asiwe na aibu ya kuomba hayo mbele ya fundi.

Jambo jingine ni vumbi. Marumaru ikikatwa kavu kwa grinda hutoa vumbi laini lenye silika, na vumbi hilo likiingia mapafuni kwa miaka huyafanya makovu yasiyotibika. Naomba wenye nyumba muwaruhusu mafundi maji ya kukatia, hata kama ni ya kununua kwa dumu, na mkataze kukata ndani ya chumba mlichofunga madirisha. Barakoa nzuri fundi ajinunulie, lakini ukiiona haipo, muulize. Wapo wenzangu wa umri wangu ambao sasa hawawezi kubeba boksi moja kupanda ngazi bila kupumzika.

Mwisho naomba jambo kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, unapimwa kwa vitendo na kupewa cheti, na waashi wengi wamenufaika nao. Mafundi wa marumaru wa huku mitaani wengi hawajui kama upo, na wanaojua wanashindwa kuacha kibarua siku za kazi kwenda chuoni kupimwa. Ningeomba wapimaji watufuate kwenye maeneo ya ujenzi, Mbezi, Goba, Kigamboni, Chanika, hata kwa siku za Jumapili, na serikali za mitaa zisaidie kutangaza. Orodha ya waliofaulu ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa na kwenye maduka makubwa ya marumaru ya Kariakoo na Buguruni, ili mama anayenunua maboksi yake 11 aondoke dukani na majina matatu ya kuwaita waje waione sakafu yake. Mimi niko tayari kupimwa wakati wowote, na vijana wangu wanne pia.

Fundi wa marumaru,
Kimara, Dar es Salaam
(Jina na namba ya simu nimekuachia ofisini)